Madeni ya Simu: Kulipa Bila Kuharibu Jina

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka sehemu za Litein, Kapkatet na Sotik)

Najua wengine mmeacha chai ikingoja kuchumwa, na wengine mna ng'ombe wa kukamua saa kumi, kwa hivyo sitawaweka hapa mpaka jioni.

Mwenyekiti aliponialika alisema, "Tuzungumzie hasa haya madeni ya simu, maana yanatumalizia vikundi." Ni kweli. Siku hizi nikitembelea kikundi, mwekahazina hanionyeshi tena mizinga ya nyuki au kuku. Ananionyesha majina ya walioacha kuja. Mtu akishindwa kulipa anaanza kukosa mikutano, kisha anapita njia ya nyuma ili asikutane na wenzake sokoni.

Nianze na ng'ombe. Wazee waliopo wanaijua desturi ya kimanagan. Mtu alimpa rafiki yake ng'ombe amtunze. Yule rafiki alikunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake walibaki mali ya mwenyewe. Hapakuwa na karatasi. Aliyetunza vizuri, habari zake zilisikika mpaka kijiji cha tatu, na mwingine alimwamini. Aliyeficha ndama, habari zake nazo zilifika huko huko, tena kwa haraka zaidi. Si ndiyo, mzee?

Basi siku hizi zile habari haziendi kwa mdomo. Zinaandikwa. Kenya kuna kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu ambazo kazi yao ni kuweka kumbukumbu za wakopaji: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ndizo tunazoziita kwa pamoja CRB. Sheria zake zilianza kutumika mwaka 2009. Mwanzoni benki zilipeleka habari za wale walioshindwa kulipa tu. Tangu kanuni za 2013, zinapelekwa habari za wanaolipa vizuri pia. Hapo watu wengi wanakosea. Wanafikiri CRB ni kama jela, kwamba uko ndani au uko nje. Sivyo. Ni kama daftari la mahudhurio la mwalimu, lina siku ulizofika na siku ulizokosa. Kutokana na daftari hilo unapewa alama, na anayetaka kukukopesha anaiangalia.

Na wanakutambua kwa namba ya kitambulisho. Kijana mmoja aliniambia, "Mimi nilitupa laini, nikanunua nyingine, deni likaisha." Deni halikuisha. Laini ndiyo iliyoisha.

Mimi mwenyewe nimeyaonja haya, na sioni haya kuwaambia. Mwaka 2018 nilikopa kwa simu shilingi 3,400 nikiwa safarini, kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Nilirudi nyumbani, nikabadilisha simu, nikasahau. Ni kusahau kweli, ingawa pia nilikuwa nimeanza kuzipuuza zile jumbe. Mwaka 2021 nilihitaji mkopo wa kumpeleka binti yangu chuoni. Nilijaza fomu zote na wadhamini wakatia sahihi. Yule kijana wa dirishani akaangalia kompyuta yake, akaangalia mezani, akaniambia kwa sauti ya chini nikalipe kwanza deni la simu. Mfanyakazi wa maendeleo, mwenye diploma, ninayewafundisha wengine kuweka vitabu! Binti alichelewa kuingia chuo kwa muhula mzima. Kwa sababu ya shilingi 3,400.

Kwa hivyo ninapozungumza nanyi sizungumzi kutoka juu ya mti.

Kule mijini watu wana kadi za benki za kukopea. Unanunua leo, unalipa mwisho wa mwezi, usipolipa riba inapanda. Hapa kwetu kadi hiyo wanayo wachache, labda mwalimu au muuguzi. Lakini msidhani tumeepuka. Kadi yetu iko ndani ya simu, hata ile ya mulika mwizi. M-Shwari ilianza Novemba 2012, nayo hutoza shilingi saba na nusu kwa kila mia kwa siku 30, bila kuhesabu ushuru. Fuliza ilianza Januari 2019. Hiyo inakujazia pesa pale unapopungukiwa ukilipa kitu, inatoza ada kila siku, na pesa yoyote ikiingia kwenye simu yako inakatwa kwanza kabla hujaiona. Mfuko wa Hustler ulizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni nafuu sana, lakini unatakiwa kulipa kwa siku 14.

Sasa hebu tuulizane. Mkulima wa chai analipwa lini? Majani ya mwezi huu analipwa mwezi unaofuata. Bonasi ni mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba. Halafu anachukua mkopo wa siku 14, au wa siku 30 ambao siku ya kulipa inaangukia wiki moja kabla ya pesa ya chai kuingia. Atalipa na nini? Atakopa kwingine alipe hapa. Mimi naona hapo ndipo shida yetu inapoanzia, kuliko ule uvivu au anasa tunayolaumiwa. Kalenda ya mkopo haifanani na kalenda ya chai. Kabla ya kubonyeza "kubali", uliza kwanza, tarehe hiyo nitakuwa na pesa kutoka wapi?

Nataka tufanye hesabu ya mtu mmoja. Ni mama wa kikundi kimoja, ameniruhusu nitumie hesabu yake bila kumtaja, na nimezibadilisha kidogo tarakimu ili msimtambue. Msianze kukisia! Alikuja kwangu akasema hajui anadaiwa pesa ngapi. Anajua tu hawezi kulala. Tulichukua kalenda ya mwaka uliopita tukaandika nyuma yake:

Ile ya kujaziwa kwenye simu, 900.
Mkopo wa benki kwa simu, uliopita siku zake, 5,750.
Kampuni nyingine ya mkopo wa simu, 2,000.
Mkopo wa kikundi, 6,000.
Sacco, 40,000, na amechelewa miezi miwili.
Duka, 1,850.
Shailoki wa pale senta, 3,000, na riba ya mwezi 900.

Jumla shilingi 60,400. Alipoiona alilia kidogo, kisha akasema, "Nilifikiri ni laki." Hilo peke yake lilikuwa faida. Deni lisiloandikwa huota usiku.

Nikamwuliza, lipi linakusumbua zaidi? Akasema la Sacco, kwa sababu ni kubwa. Basi tukaangalia kila deni linakula kiasi gani kwa mwezi. Sacco yake inatoza asilimia moja kwa mwezi kwa deni lililobaki, yaani kama shilingi 400. Shailoki kwa zile elfu tatu tu anakula 900. Mmesikia? Deni la elfu tatu linakula zaidi ya mara mbili ya deni la elfu arobaini. Na zile 900 za simu, tukichukua ada ya shilingi 6 kwa siku, ni shilingi 180 kwa mwezi. Ni asilimia 20. Angalieni ada ya siku hiyo kwenye simu zenu wenyewe, kwa maana hubadilika, lakini mtaona mfano ni ule ule. Deni dogo lina meno makali.

Mama huyu alikuwa amepeleka kilo 1,600 kwa mwaka. Tukikadiria bonasi ya shilingi 15 kwa kilo, ni 24,000. Mnajua bonasi ya 2025 ilivyoshuka huku kwetu magharibi, na kelele zilivyokuwa viwandani, kwa hivyo usipange kwa bonasi unayoitamani. Panga kwa ile ya mwaka mbaya.

Alitaka kuzipeleka zote Sacco, zile 24,000, amalize nusu. Nikamwomba tuzigawe hivi. Kwanza shailoki, 3,900, amalizane naye na arudishiwe kadi yake ya benki, kwa kuwa alikuwa ameishika pamoja na namba ya siri. (Akina baba na akina mama, nawaomba, kadi ya benki haiwekwi rehani. Ukishaitoa na namba ya siri, umeajiri mtu wa kukulipa mshahara wako mwenyewe.) Pili zile 900 za simu, ili pesa ikiingia ikae. Tatu, malimbikizo ya Sacco ya miezi miwili, 2,200 mara mbili, yaani 4,400. Tuliacha lile deni zima la Sacco liendelee kulipwa polepole, kwa sababu riba yake ni ndogo. Kilichokuwa hatari ni kule kuchelewa. Ukichelewa Sacco wanafuatwa wadhamini, nao ndio majirani zako, na tangu kanuni za 2020 Sacco nazo zinaweza kupeleka habari CRB. Nne, mkopo wa benki wa simu, 5,750, kwa kuwa ulikuwa unakaribia siku 90 za kuchelewa. Zikipita siku 90 benki huuhesabu kuwa mkopo mbaya.

Hapo tumetumia 14,950. Kikundi alikipa 1,500 na duka 850, na wote akawaambia salio atalipa lini. Zile 2,000 za kampuni nyingine tulingoja kidogo, tukahakikisha kwanza iko kwenye orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wenye leseni, ndipo akalipa kwa namba rasmi na si kwa namba ya mtu aliyempigia. Zikabaki 4,700. Hizo tuliziweka kwa ajili ya shule Januari, na sikukubali ziguswe. Wengine watasema angemaliza deni la kikundi. Mimi nasema mtu akilipa madeni mpaka akabaki bila senti, Januari atarudi kwa shailoki yule yule.

Sasa jina lake je? Hapa msikilize vizuri.

Mkopeshaji anatakiwa kukujulisha siku 30 kabla ya kupeleka habari yako mbaya CRB. Ule ujumbe tunaoufuta kwa hasira ndio wenye maana kuliko zote. Ukiupata, usizime simu. Piga, au nenda tawini, useme "Ninaweza kulipa 500 kila mwezi kuanzia tarehe kumi na mbili," kisha ulipe hiyo 500 kweli. Omba makubaliano hayo kwa maandishi. Wengi hukubali, kwa sababu nao wanataka pesa yao. Kanuni za 2020 pia zilisema deni la chini ya shilingi 1,000 lisipelekwe kama habari mbaya, lakini msilifanye hilo kuwa maficho, ada inaendelea kuhesabiwa.

Kila mtu ana haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kila moja ya kampuni hizo tatu. Bure. Msimpe kijana wa saiba shilingi 500 kwa kitu ambacho ni haki yenu. Ukiisoma na kukuta deni ambalo si lako, au ulilolipa na bado limeandikwa, una haki ya kupinga kwa maandishi, na kampuni ni lazima ichunguze na kurekebisha. Ndiyo maana nawaambia msifute zile jumbe za malipo. Mimi nazinakili kwenye daftari, na namba ya muamala.

Ukimaliza kulipa, omba barua ya kwamba umemaliza. Ile habari ya zamani haifutiki siku hiyo hiyo. Inaweza kukaa miaka mitano tangu ulipomaliza, lakini inasomeka kwamba ulilipa. Kuna tofauti kubwa kati ya aliyeanguka akaamka na aliyeanguka akalala hapo. Na atakayekuambia kwamba kwa shilingi elfu mbili anaweza kukufutia jina CRB ni mwizi, mtoeni nje ya kikundi.

Kuna jambo la 2022 ambalo wengi walilisikia nusu. Novemba mwaka huo Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha majina ya waliokopa kwa simu kwenye benki, ile mikopo ya siku 30 au chini yake. Walikuwa zaidi ya watu milioni nne, na madeni yao kama shilingi bilioni 30. Mkopeshaji angepunguza angalau nusu ya deni, na mkopaji angelipa iliyobaki kwa mpango mpaka mwisho wa Mei 2023. Waliolisikia vizuri walilipa nusu wakapona. Lakini huku kwetu ilifika habari kwamba serikali imesamehe, na watu wakakaa. Mpango ule ulikwisha Mei ile. Bado nakutana na watu wanaongoja msamaha.

Na vitisho? Kanuni za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kukutukana, kukutisha, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Mama yule alipigiwa shemeji yake, mchana, akiwa kwenye foleni ya kupima chai, akaambiwa mbele za watu. Hilo ni kosa, hata kama deni ni la kweli. Andika tarehe na namba iliyopiga, upeleke malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni unalo, lakini heshima hukuikopa kwa mtu.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi. Vikundi vyetu vyenyewe. Nimeona vitabu vya vikundi vinavyotoza shilingi 10 kwa kila mia kila mwezi. Tunasema ni sawa kwa sababu faida inarudi kwetu. Inarudi kwa nani? Inarudi kwa mwenye akiba nyingi, naye anayelipa ni yule maskini aliyekopa kwa ajili ya dawa. Kikundi cha mama yule kinatoza tano. Hata hiyo mimi naiona kubwa, lakini wana mambo mawili mazuri. Siku ya kulipa wameiweka siku tatu baada ya pesa ya chai kuingia. Na mtu akichelewa, wanamtembelea watu wawili kabla ya kumtoza faini. Tangu waanze hivyo, mwekahazina ananiambia hakuna aliyekimbia.

Maswali niliyopewa kwa karatasi ni mengi, nitajibu machache.

Mzee mmoja anauliza: mwanangu alikopa kwa laini yangu akacheza kamari, je, deni ni lake au langu? Mzee wangu, ni lako. Kitambulisho ni chako. Na ningekusihi ubadilishe namba ya siri leo kabla ya kulala, kisha uzungumze naye asubuhi, si kwa fimbo. Kamari inahitaji mazungumzo yake yenyewe, na tutayapanga.

Mama mmoja anauliza kama mume akiandikwa CRB, naye mke ameandikwa. Hapana. Kila mmoja na kitambulisho chake. Lakini kama ulimdhamini, umo.

Kijana aliyekuwa mchumaji kwenye shamba kubwa la chai anasema mashine zilipoletwa, kazi ilipungua na mkopo ukabaki. Afanye nini? Ndugu, nenda kwa mkopeshaji ukiwa na barua ya kuachishwa kazi, na uende kabla ya kuchelewa mwezi wa pili. Omba muda uongezwe na malipo ya kila mwezi yapunguzwe. Alama yako inaweza kushuka kidogo, lakini ni afadhali hivyo kuliko kunyamaza. Baadaye nione, kuna kikundi cha vijana Kapkatet wanaotafuta mtu anayejua kupogoa chai.

Basi karatasi ziko kwa katibu, na kalamu. Kila mmoja achukue moja, aandike madeni yake yote, hata ya duka, kisha mbele ya kila deni aandike linakula kiasi gani kwa mwezi. Huna haja ya kuandika jina. Waliokuja na vitambulisho na simu wakae upande wa dirisha, tutaomba zile taarifa za bure pamoja, mmoja mmoja, na mwenzako asichungulie.